Simu ya Ilwad Ililia Garissa

Bulla Iftin,
Garissa.
11 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Abdirashid,

Assalamu alaykum. Natumai u mzima na baridi ya huko Ufini haijakumaliza. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mvua bado, Tana imeshuka, mbuzi wamekonda, lakini tunapumua. Hooyo, mama yetu, magoti yanamsumbua, sasa anaswali akiwa kwenye kiti.

Mwanao Ikran anaendeleaje? Nimesikia ametoka hospitali na kifua kimefunguka. Mwambie eeddo, shangazi yake, anamshonea gauni la Idi, jekundu kama alivyotaka.

Barua hii anakuletea Mustafe, anayesafiri kuja huko. Simu zangu hupokei, na ukipokea unakata pale maneno yanapokuchoma. Nina hasira, walaal, ndugu yangu, na sitaificha.

Umenitumia ujumbe wa sauti kwamba niende kwa mzee Dagane, babake mkeo Ilwad. Nimwambie binti yake ni mzembe, nusura amuue mtoto kwa kushindwa kupiga simu, na kwamba unamrudisha Garissa peke yake, Ikran abaki na wewe. Nimeusikiliza tena na tena nikidhani nimekosea. Sasa nisikilize wewe.

Siku ile nilikuwa dukani Soko Mugdi, nampimia bibi harusi kitambaa. Simu ikalia: Ilwad. Hakunisalimu. Ilwad, ambaye salamu zake peke yake humaliza bando! Alisema tu, "Dahabo, Ikran hapumui." Nyuma yake nilimsikia mtoto akivuta pumzi kwa mluzi. Pumu ilikuwa imemkaba, na dawa ya kuvuta imekwisha. Alikuwa amekupigia wewe, simu imezimwa. Akakupigia tena. Halafu akapiga Garissa. Gari la wagonjwa liko mtaa wa pili kutoka kwake, naye anamwomba msaada muuza vitambaa!

Nikamwuliza kwa nini hapigi namba ya dharura. Akasema, "Nitawaambia nini? Abdirashid alinikataza, alisema nitawachanganya, nimpigie yeye." Nikazidi kumwuliza kwa sauti, mkasi mkononi. Golicha, yule Mborana anayeuza viatu mlango wa pili, ndiye aliyenifokea: "Wewe, wacha maswali! Ambia yeye abebe mtoto, atoke inje, apige nduru. Jirani atakosa aje?"

Nikamwambia. Akatoka pekupeku hadi kwenye ngazi akipiga mayowe kwa Kisomali. Yule jirani, bibi Mfini ambaye ulimkataza Ilwad asizoeane naye, akafungua mlango, akamwona mtoto midomo imekuwa buluu, akapiga simu. Gari likaja. Mungu ni mkubwa.

Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kazini, umevaa vipokea sauti masikioni, unamkalimania mgonjwa wa Kisomali usiyemjua hata jina! Ndiyo kazi yako. Ulipoipata Hooyo alichinja mbuzi. Wewe mwenyewe ulinieleza, tena kwa majivuno, kwamba mgeni akipiga namba ile ya dharura hahitaji kujua Kifini. Anataja lugha yake tu, anangoja kidogo bila kukata, na sauti kama yako inaingia. Neno moja, Abdirashid. Mkeo hukumwambia. Wanasema mganga hajigangi, sawa, lakini wewe dawa ulikuwa nayo mfukoni ukaificha.

Usiniambie hakutaka kujifunza. Aliomba darasa la Kifini, ukasema nani atabaki na mtoto. Akaomba tena Ikran alipoanza chekechea, ukasema wewe ni ulimi wake, inatosha. Ulipenda kuwa ulimi. Kwa daktari unasema wewe, dukani unasema wewe, naye anasimama nyuma yako akishika mfuko. Ndivyo tulivyolelewa? Hooyo alipotoka Mandera hakujua neno la Kiswahili, na Aabo, baba yetu, ndiye aliyempeleka sokoni akamwacha abishane bei mwenyewe. Watu walimcheka wiki ile. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiwashinda.

Nakupenda, ndiyo maana nakukaripia. Huna roho mbaya. Unaswali, unatukumbuka, na najua ulimlilia mtoto wako pale hospitali. Lakini uliogopa, na hofu yako umemtwika mwenzio iwe kosa lake. Hilo ni aibu, na ningekuwa karibu ningekuambia mbele ya watu.

Kwa mzee Dagane siendi na ujumbe wako huo. Ukitaka aambiwe, mpigie wewe. Si ndiyo kazi yako, kufikisha maneno bila kuyapunguza? Basi mfikishie yote, kwa Kisomali safi: kwamba binti yake alikaa kama bubu kwa sababu wewe ulitaka hivyo, na kwamba bubu huyo ndiye aliyemwokoa mjukuu wake kwa mayowe. Mimi nitakuwa nimekaa kando ya mzee, nihakikishe hujaruka neno.

Hooyo anakusalimu, wanangu Kaaha na Duale pia. Golicha anauliza kila asubuhi, "Ile mtoto iko sawa?" Salamu zangu mpe Ilwad kwanza, zitakazobaki ni zako. Mungu ailinde pumzi ya Ikran, na aulainishe moyo wako kabla hujaishika hiyo simu.

Dada yako, mwenye kukupenda na kukukasirikia,

Dahabo