Mkono Ndani ya Kioo

Jumapili, mwezi wa saba, saa kumi jioni

Upepo wa leo hapa Sumbawanga si wa mchezo. Tangu asubuhi unapiga mabati, na vumbi limeingia hadi kwenye kikombe cha chai. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vya miguu vimekufa ganzi. Nimetoka misa ya pili, nikala kiporo cha maharage nikiwa nimesimama, kisha nikakaa mezani na mkasi, gundi na nakala ya picha ya harusi ya wazazi wangu. Nimekaa hivyo zaidi ya saa mbili na sijakata kitu.

Nina aibu. Naanza na hilo nisije nikazunguka.

Wanaopita kwenye blogu hii mara kwa mara wanakumbuka nilivyojisifia mwezi uliopita. Niliweka picha za vioo vyangu vikiwa vimepangwa kwenye sinia, nikaandika maneno mengi kuhusu zawadi zinazotengenezwa kwa mikono na kwa upendo. Mkanipongeza. Ningekuwa na uwezo ningewarudishia pongezi zenu, moja moja.

Kwa aliyefika leo, nieleze. Wazazi wangu wametimiza miaka hamsini ya ndoa, na Jumamosi ya wiki iliyopita tuliwafanyia jubilei nyumbani kwetu Mwazye. Kaka zangu walileta ng'ombe, dada yangu akasimamia chakula. Mimi ni kitindamimba, mwalimu wa shule ya msingi, na napenda kuonekana nina mawazo ya kisasa. Nikasema nitampa kila mgeni kumbukumbu: picha ya harusi chini ya kioo kidogo cha mviringo, nyuma yake sumaku, ya kubandika kwenye friji. Kaka yangu mkubwa akauliza kijijini nani ana friji. Nikamjibu kwamba hana jicho la mapambo.

Kazi yenyewe inataka subira. Unaweka kioo juu ya picha, unakisogeza mpaka sura unazozitaka zikae katikati, unazungushia penseli, unakata kwa kufuata mstari. Unapaka gundi upande bapa wa kioo, kisha unaibonyeza picha kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Gundi inakuwa nyeupe kama maziwa, ukiiacha inakauka na picha inaonekana safi. Kumi za kwanza niliziharibu zote. Wino ulilowana, baba yangu akageuka zambarau. Dada wa steshenari akanichapia upya kwa mashine yake nyingine na mambo yakatulia.

Uzuri wa vioo hivi ni kwamba mgongo wake umetuna, kwa hiyo vinakuza. Kitu kidogo ukikiweka chini yake kinakuja juu.

Hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Picha ya harusi ya wazazi wangu ni moja tu duniani, nyeusi na nyeupe, imekunjika kona. Ina watu watatu. Baba amevaa koti linalompwaya. Mama ana shela. Upande wa mama amesimama matroni wake, dada yake wa damu, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa. Msimamizi wa baba hayumo kwa sababu baiskeli yake ilipata pancha njiani na mpiga picha hakuwa mtu wa kusubiri. Hiyo hadithi tunaicheka kila mwaka.

Mama Mkubwa ana rovu, ule uvimbe wa shingoni. Wazee wa huku wanalijua, zamani lilikuwa la kawaida kwa akina mama wengi wa Ufipa, kabla ya watu kuanza kula chumvi ya madukani. Lake lilianza usichanani. Kwenye picha ile ni uvimbe wa wastani, unaonekana juu ya kola. Leo ni kubwa, na hata kwenye jua kali hatoki bila kitambaa shingoni.

Nilipoweka kioo juu ya nakala ya kwanza, watu wote watatu waliingia. Naliandika hili wazi kwa sababu Jumamosi ile nilisema vingine.

Waliingia wote watatu.

Ila shingo ya Mama Mkubwa ilikuja juu. Kioo kiliivuta na kuileta mbele kuliko uso wa bibi harusi. Nikawaona akilini wageni wa mjini, walimu wenzangu, wakwe wa kaka zangu, wote wakishika kioo changu na macho yao yakienda pale pale. Nikakisogeza kioo upande wa baba kidogo. Nikaona wawili wametosha, wamependeza. Nikazungusha penseli, nikakata. Halafu nikakata nyingine hamsini na tano kwa mtindo huo huo.

Ingekuwa ni mtu baki ningejisamehe. Mama Mkubwa ndiye aliyenilea. Nilihamia kwake Chala nikiwa darasa la tano, nikatoka nimemaliza kidato cha nne. Alikuwa akiuza migebuka, samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika, sokoni, na sare zangu zote alizinunua yeye. Siku ya wazazi, nikiwa kidato cha pili, alikuja shuleni amevaa kitenge kipya. Msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja akaniuliza yule mwenye shingo ni nani. Nikamwambia ni jirani yetu. Sijui kama Mama Mkubwa alisikia. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo. Naliandika leo kwa mara ya kwanza.

Turudi Mwazye. Kwetu wanandoa wakirudia ahadi zao husimamiwa na wasimamizi wale wale, kama wapo hai. Wa baba alikwishafariki. Alibaki Mama Mkubwa, kwa hiyo kanisani alikaa mbele kabisa, karibu na mama, ana kitambaa cha kijani shingoni na kiatu kipya kilichokuwa kinambana. Mama aliposimama kusema ahadi, Mama Mkubwa naye alisimama. Nilipiga vigelegele na wengine. Sikufikiria chochote. Sinia langu la vioo lilikuwa nyumbani limefunikwa na khanga, nami nilikuwa nasubiri sifa.

Baada ya chakula nikaanza kugawa. Watu walifurahi kweli, siwezi kusema uongo juu ya hilo pia. Baba mdogo alibandika yake kwenye fremu ya baiskeli. Mzee mmoja akaibandika kwenye jembe. Mama mmoja alijaribu kwenye mfuniko wa sufuria, ikadondoka, wakamcheka. Mimi nikatembea na sinia nikijiona malkia wa sherehe.

Mama Mkubwa alipokea chake kwa mikono miwili. Akakifuta kwa ncha ya kitenge, akakisogeza karibu na jicho, akakaa nacho.

"Huu mkono ni wangu," alisema. "Saa hii niliazima kwa mke wa katekista."

Nikainama kuangalia ingawa nilijua. Kwenye bega la mama, ukingoni mwa kioo, kulikuwa na vidole vinne na saa ya mkononi. Nilivitambua tangu siku ya kukata. Nilijiambia vitaonekana kama sehemu ya shela. Kioo kilikuwa kimevikuza mpaka unaweza kuhesabu kucha.

"Mama yako alikuwa anatetemeka siku ile," akaendelea. "Ndiyo nikamshika."

Mwanamke aliyekaa naye mkekani akakichukua kile kioo, akakigeuza huku na huku. Hakuwa na ubaya wowote. Akauliza tu, "Sasa mwenye mkono yuko wapi?"

Nikajibu haraka mno. "Ni mashine inayokata, Mama. Inajikatia yenyewe, huwezi kuichagulia."

Hakuna mashine. Mkasi wangu ulikuwa ndani ya mkoba niliouning'iniza begani.

Mama Mkubwa aliniangalia. Si kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia yule mwenzake. "Mashine hizi ndivyo zilivyo," alisema. "Lakini kazi kubwa ameifanya mwanangu. Vioo vyote hivi, peke yake."

Tangu hapo hadi jioni, kila aliyeuliza habari ya ule mkono alijibiwa na yeye kabla mimi sijafungua mdomo. Ni mashine, ni mashine. Nilimsikia mara tatu, na kila mara alipeleka mkono kukiweka sawa kitambaa chake. Watu wakaridhika. Hakuna aliyenilaumu.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinisindikiza barabarani kusubiri gari. Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Alinifungia unga wa ulezi, akanitengenezea kola ya koti, akasema, "Edita, ile picha nimeishi nayo miaka hamsini. Naijua ilivyokaa." Gari likaja. Nikapanda.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Wiki nzima nimefundisha vibaya. Nimewafokea watoto kwa makosa ya kawaida. Nilikuwa najitetea moyoni kwamba pengine nilimficha ili asichekwe, kwamba nilikuwa namlinda. Nimeujaribu utetezi huo kila upande na haushiki. Aliyekuwa anaogopa kuchekwa ni mimi. Nina miaka thelathini na nne, nina cheti ukutani, na bado ni yule msichana wa kidato cha pili anayesema ni jirani yetu.

Leo baada ya misa simu ikaita. Mama Mkubwa.

Nikamwamkia. Akaniuliza baridi ya mjini, akaniuliza shule, akaniuliza kama ule unga wa ulezi nimeshausonga. Akaniambia kioo chake amekibandika kwenye sanduku la bati la nguo na kinakaa vizuri, hakidondoki. Nikafikiri mazungumzo yameisha. Halafu akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwanangu, ukipata nafasi nitengenezee na mimi kimoja, nikiwa peke yangu. Ile ile picha ya harusi, sina nyingine ya usichana. Ila ukate uso tu. Usishuke chini ya kidevu."

Nikasema sawa, Mama.

"Kama mashine itakubali," akasema. Hakucheka. Akaniaga kwa upole, kama siku zote, akakata simu.

Anajua. Alijua pale pale mkekani, na akanifunika mbele ya watu kwa uongo wangu mwenyewe. Sasa ananionyesha pa kupitisha mkasi ili safari hii nisipate tabu. Nimelia mpaka nikaona aibu ya kulia.

Nimeweka kioo juu ya uso wake. Alikuwa mzuri sana. Sikuwahi kumwona hivyo, kwa sababu kila nilipoangalia picha ile macho yangu yalikuwa na kazi nyingine. Ana nyusi za mama yangu na mdomo wa mtu anayezuia kicheko. Penseli ninayo mkononi. Siwezi kuchora huo mstari wa kidevu, na vilevile siwezi kuuchora chini zaidi nikajifanya shujaa, kwa sababu shingo ni yake, na yeye ameomba.

Nimeamua. Sitampelekea kifurushi kwa kondakta wa basi kama nilivyopanga. Jumamosi nitapanda gari la Chala mwenyewe, na nakala ambazo hazijakatwa, vioo, gundi na mkasi. Penseli nitampa yeye. Atakapopitisha mstari, juu au chini, hapo hapo nitakata.

Ila kwanza nitamwambia kwamba hakuna mashine. Na nitamwambia habari ya jirani.

Najijua nilivyo. Nikikaribishwa ndani nitapewa kigoda, nitaletewa maji ya kunawa, atanisongea ugali wa ulezi na mgebuka aliouficha kwa ajili yangu, na nikishakula chakula chake sitasema tena. Kwa hiyo nitasema nikiwa bado nimesimama mlangoni.