Kuzima Kioo Si Kutoka

Homa Bay, Jumamosi usiku, Novemba 1999

Natangaza rasmi, mbele ya koroboi hii na mbu wote waliohudhuria, kwamba leo, katika duka la intaneti hapa mjini, nimeandika barua pepe yangu ya kwanza.

Ni ya kuomba kazi ya ualimu Botswana. Nilipobonyeza pa kutuma, niliiona ikielea juu ya ziwa, juu ya magugu maji yote yale, polepole, kama ndege asiye na haraka. Nikazima kioo cha kompyuta na kuinuka, akili bado iko huko angani.

Aliyeketi baada yangu ni mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha. Akawasha kioo. Barua ilikuwa palepale, pamoja na sentensi niliyoandika kuhusu mkuu wangu anayesinzia ofisini.

"Japuonj, mwalimu wangu, hebu nisomee hapa," akasema. "Miwani nimeiacha Oyugis."

Nikakohoa. Nikasoma, "Karibu, mteja wetu mpendwa." Nilitunga hata aya ya pili.

Awino, binti anayehudumia pale, akainama akafunga sanduku langu la barua. "Mwalimu," akaninong'oneza, "kuzima kioo ni kama kufumba macho ukidhani watu hawakuoni. Toka kwanza kwa barua zako, ndio uinuke."

Mkuu angekuwa na miwani, Jumatatu ningekuwa sina kazi hapa, na ya huko sijaipata. Naogopa, lakini nikifumba macho bado naiona barua ikielea, pengine sasa iko juu ya…

Awino amepita hapa sasa hivi; anasema laini ya simu inayopeleka barua pepe imekatika tangu asubuhi. Barua haijatoka Homa Bay.