Wimbo wa Arusi Uliotiwa Kwenye Santuri

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada maana nimechoka. Mimi napiga litungu, zeze letu la Kikurya, katika hoteli ya chai ya Bwana Athanas hapa Tarime, kila siku ya mnada, na wimbo unaopendwa na wateja ni ule wa kumsindikiza bibi arusi, niliofundishwa na bibi yangu Gati, naye alifundishwa na bibi yake, sasa amekuja Simioni Wangwe, aliyekwenda Nairobi akauimba kwenye santuri, akanionyesha santuri hiyo mbele ya watu, akaniambia, "Wewe kijana unakula jasho langu! Jina lililoandikwa hapa ni la nani?" nami sikujibu kwa sababu yeye ni wa rika la baba yangu, na kwetu mtu habishani na rika la baba yake, nikainamisha kichwa tu, basi Bwana Athanas, ambaye ni mtu wa Bukoba, akasema, "Ameinama, amekubali kosa," akanikataza kupiga hotelini kwake mpaka Simioni atoe ruhusa, na kazi nyingine sina. Je, wimbo wa wazee unaweza kuwa wa mtu mmoja?

M. N., Nkende

Bwana M. N.,

Pole. Barua za namna hii zimekuwa nyingi, na kila mara aliyenyamaza ndiye aliyeumia. Adabu yako ni nzuri, ila uliionyesha mbele ya mtu asiyeijua.

Sheria humlinda mtungaji. Aliyetunga wimbo huo alikufa kabla Wajerumani hawajafika, na hakuna ajuaye jina lake. Wimbo wa hivyo ni kama njia ya mtoni, kila mtu hupita. Jina kwenye santuri ni la mwimbaji. Simioni ana haki juu ya sauti yake, na juu ya maneno aliyoyaongeza mwenyewe.

Santuri hiyo nimeisikia. Ubeti wa mwisho unataja gari moshi la Kisumu. Huo ni wa Simioni, hukufundishwa na bibi yako. Je, huuimbi? Barua yako haisemi, nami nadhani najua kwa nini. Hapo umekosa, ndugu yangu.

Usimkabili Simioni peke yako. Mwombe baba yako amwendee, kwa kuwa watu wa rika moja hubishana bila aibu, na Athanas awepo asikie. Wimbo wa zamani uimbe bila kuomba ruhusa ya mtu. Ubeti wa gari moshi uombe kwa heshima. Akikataa, tunga wako. Mpiga litungu asiyeweza kutunga ubeti mmoja asimlaumu aliyetunga.