Haiambukizi

Tosamaganga, Iringa
12 Januari 2024

Si kifua kikuu, Jackline. Ni saratani ya mapafu, na haiambukizi. Daktari bingwa amenitamkia mwenyewe, manesi wanasikia.

Haya, kamwene. Hamjambo huko Soweto ya Mbeya? Mjukuu wangu, somo wangu Faustina mdogo, ameshaota meno? Mimi ni mzima, ukiacha kikohozi, ambacho unakijua vizuri maana ulikuwa unakisikiliza mlangoni na kanga umejifunga puani.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana barua nimempa kondakta wa basi, akukabidhi mkononi.

Nilikuja Mbeya kumwona mtoto. Zahanati walikuwa wamesema ni TB, nameza vidonge. Ukanitengea kitanda stoo, kikombe ukakipaka rangi ya kucha kisichanganyike na vyenu, na mtoto mwenye jina langu ukamhamishia kwa mama yako mpaka nilipoondoka. Mwanangu hakuyaona hayo. Adrian yuko Ubaruku anasimamia mashine ya kukoboa mpunga, na kule hakuna mashine kubwa kama ile, muulize yeyote. Nilikuja na kuku wawili, nikarudi sijamshika mtoto hata kidole.

Daktari aliniuliza kama navuta sigara. Nikamwambia mimi ni mwenyekiti wa WAWATA, wanawake Wakatoliki, kigangoni. Akauliza nilikuwa napikia nini. Nikamwambia nimepika ugali wa wanafunzi kwa kuni tangu sijaolewa, na waliokula mkononi mwangu leo ni mapadre na mahakimu. Akaandika. Wodini nimewakuta wanawake wa Makete, wa Njombe, wa Rungwe huko kwenu, wapishi na wapika pombe, na karibu wote walianza kwa kumezeshwa dawa za TB kama mimi. Ila hakuna mwenye mkwe kama wangu.

Sasa mlete mtoto.

Mama mkwe wako,
Faustina

*

Soweto, Mbeya
3 Februari 2024

Shikamoo mama. Pole na kuumwa. Sisi hatujambo, mtoto ana meno mawili.

Barua nimeipata. Kondakta aliliita jina langu stendi nzima kama la mwizi. Nadhani ulimwagiza hivyo.

Mama, ulipofika hapa ulikuwa na wiki moja tu kwenye dawa, na mtoto hajatimiza miezi miwili. Kliniki waliniambia asilale nyumba moja na mgonjwa wa TB. Ningefanyaje? Yule wa kwanza nilimzika, na kwenye msiba ule ulikaa siku moja ukaondoka, unawahi jubilei ya padre uliyempikia akiwa mwanafunzi. Wewe una mapadre na mahakimu. Mimi nina mtoto mmoja.

Sasa nasikia umewaambia shangazi zake Adrian kwamba nilikulisha stoo kama mbwa. Wananipigia kwa zamu. Kwa maneno hayo mtoto haji.

Mkweo,
Jackline

*

Tosamaganga
20 Februari 2024

Kamwene. Mzima wewe? Mtoto mzima?

Habari ya jubilei usiniguse. Nilienda kwa sababu pale msibani mama yako alinitoa jikoni, akasema Wahehe hatujui kupika ndizi. Mimi, nitolewe jikoni. Na sikusema kama mbwa. Nilisema kama kuku. Shangazi wameongeza wenyewe.

Unajua desturi yetu. Mwenye nyumba akigawa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, anaonja kwanza, kisha anakupa kikombe kilekile alichokishika, nawe unakunywa palepale alipoweka mdomo. Mgeni asiyekunywa amesema mwenye nyumba ana sumu. Basi utakuja hapa, mbele ya shangazi wote, nionje nikupe, unywe mpaka mwisho watu wakuone. Ndipo tutakuwa sawa. Haiambukizi, nimekwambia. Au na daktari bingwa naye humwamini?

Mama mkwe wako,
Faustina

*

Soweto
9 Machi 2024

Shikamoo mama. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika kiti.

Kuja kuaibishwa mbele ya ukoo wako sitakuja.

Lakini kuna jambo nakuuliza, na Adrian hajui kama nauliza. Alirudi wikiendi kutoka Ubaruku, akazisoma barua zako. Akafurahi. Akasema, "Afadhali, si TB," akampigia rafiki yake kumweleza. Mimi nilikaa nikazisoma upya. Kila barua unaandika haiambukizi. Hakuna hata moja uliyoandika kama inatibika.

Mama, inatibika?

Mkweo,
Jackline

*

Tosamaganga
14 Machi 2024

Haitibiki.

Imeshashuka kwenye ini, na mgongo nao wanasema imeufikia. Walinieleza habari za kwenda Dar, nikauliza nikienda nitapona, daktari akaanza kutazama dirishani. Nimepewa dawa ya maji ya maumivu. Inafaa, ila inanilaza.

Kamwene, mkwe. Nimekosa adabu, nimeanza kabla ya salamu.

Wa kwanza kuambiwa umekuwa wewe, na sijapenda. Lakini umeuliza, na wanangu niliowazaa hawakuuliza. Uliporudia barua zangu ulizisoma kama unavyosikiliza mlangoni. Haya, umesikia.

Sikusamehe ile stoo, usije ukadhani. Wala wewe usijilazimishe kunisamehe ule msiba. Tutabaki hivyohivyo, hatupendani, watu wengi wanaishi hivyo. Ulanzi utakuwepo. Ukinywa kwangu sawa, ukikataa sawa, shangazi nimewaambia atakayefungua mdomo ataondoka na njaa yake. Mimi sitakuwa nakutazama, nitakuwa nimempakata mtoto. Miguu yangu haina nguvu sasa, kwa hiyo utaniwekea magotini, usiende mbali, umshike na wewe upande mmoja.

Adrian mwambie wewe. Mambo yote makubwa nimemwambia mimi, hata baba yake alipokufa nilimwambia mimi. Hili limenishinda. Usimwambie akiwa anaendesha. Mwambie Makambako mkisimama kula.

Usije na machozi, jiko langu lina moshi wa kutosha. Mama yako naye aje, apike hizo ndizi zake tuone.

Nawasubiri wote Jumatatu ya Pasaka, tarehe mosi Aprili.

Mama yenu,
Faustina