Migi Iliyonguruma Itigi

Jumapili, 13 Juni 1976

Limekubali! Gogo la mninga nimelipasua katikati, nimelichimba kwa patasi, sasa nusu zote mbili ni nyepesi hata mtoto anabeba. Pua nimeiacha tundu wazi, kama kwenye picha ya gazeti. Ndipo Migi, ile ndege ya vita, inapovutia hewa.

Bwana Ignas, afisa utamaduni, amesema kitu bora cha wilaya kitakwenda maonyesho ya Saba Saba Dar pamoja na mwenyewe. Na huko Migi za kweli zitapita juu! Mimi Gasto, fundi wa vitanda na majeneza, nizione kwa macho yangu! Mke wangu Marietha anasema usiku naota nasema "vuuu".

Jumatano, 16 Juni

Misumari inaharibu sura. Nimekwenda kwa mkwe, mzee Mughwai mrina asali, nikamwamkia, nikaomba nta ya kuungia nusu mbili. Akanipa donge zima. Akauliza ndege hiyo inalimaje? Nikacheka tu, mkwe habishiwi.

Nimepaka nta ndani na nje, kiungo hakionekani. Mistari ya mabati nimechora kwa spoku ya baiskeli niliyoipasha moto. Ribiti, vile vidoa vya kushikia bati, nimepiga kwa ncha ya msumari, moja moja, shingo imekauka. Kioo cha rubani ni ile plastiki ya kola ya shati jipya, nimeilainisha kwa maji ya moto. Wallahi, hata rubani mwenyewe angeingia!

Ijumaa, 18 Juni

Rangi ya fedha! Simoni wa reli kanipa masalio. Inang'aa. Nimeitundika mtini kwa kamba ikauke, mbuzi wasiilambe. Watu wanasimama njiani. Lori la Bwana Ignas linakuja Jumamosi ijayo.

Jumanne, 22 Juni

Marietha kapiga kelele, "Baba Dina, ndege yako inanguruma!" Nikatoka mbio, furaha tele.

Nyuki! Wanaingia puani, wanatokea mkiani. Mmoja kanidunga mdomo, naandika umevimba.

Gasto, bwege wewe! Mtu wa Itigi anachimba gogo, analipaka nta, analitundika mtini, halafu anashangaa nyuki! Huo si mzinga ni nini?

Alhamisi, 24 Juni

Nilishaanza kufukiza moshi niwafukuze. Mkwe akafika na fimbo yake. Kasema nyuki waliokuja wenyewe hawafukuzwi, tangu babu zake haijatokea, na nta ni yake. Nikasema, ndiyo baba. Moyoni nachemka! Lori keshokutwa!

Marietha kanong'ona: baba ni baba, lakini Dar ni Dar.

Jumamosi, 26 Juni

Lori limekuja alfajiri, baridi kali, nyuki wote ndani. Bwana Ignas akaigusa ubavuni kwa kidole. Ikanguruma! Akaruka nyuma, kofia chini. Akauliza kama nimetia betri.

Kabla sijafungua mdomo mkwe akajibu, "Nyuki, bwana." Akaziba pua na mkia kwa vitambaa, taratibu, kama anafunika mtoto.

Nikajua basi, imekwisha. Kumbe! Bwana Ignas anacheka mpaka machozi. Vinyago ameona, vikapu ameona, ndege ya vita yenye asali hajaona. Ulinzi na kilimo pamoja, siasa yenyewe hii! Inakwenda Dar!

Nikamkumbatia Marietha mbele za watu. Nageuka, mkwe amevaa koti lake la safari, kifurushi mkononi. Anauliza nyuki wake atawatunza nani huko. Mimi hata kuwafungua siwezi, mdomo wangu shahidi.

Nafasi ni moja. Mtu mmoja tu, Bwana Ignas kasema, mwenye mali.

Nimeingia ndani nikisingizia kofia. Naandika nimesimama. Marietha yuko mlangoni, anamtazama baba yake, ananitazama mimi.

Honi. Bwana Ignas anauliza tena, jamani, mwenye hii ndege ni nani? Mkwe angeweza kujibu. Ananisubiri mimi niseme.

Honi tena. Natoka, lakini sijui nitamtaja nani, mkwe au mimi—