Dua Unayoitaka Jambiani

Shemeji Makame,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Ujumbe wako kutoka Maskati ulinifikia kabla ya Ramadhani. Sikuujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliona maneno yangu hayana adabu. Leo nimeyachuja. Barua yenyewe sikuifunga, kwa kuwa wapo wengi wenye haki ya kuisoma.

Unanitaka niwakusanye wazee wa Jambiani na nisome dua siku utakapoweka jiwe la msingi la hoteli yako. Umesema kwamba nikisimama mimi, hapana mzee atakayepinga. Ni kweli. Unanijua vizuri, maana ulikwisha kunitumia.

Unakumbuka kiwanda chetu cha kushona sare, kule mjini? Wewe ulikuwa meneja, mimi msimamizi wa mafundi, na mshahara wa serikali ulitosha kuoa na kusomesha watoto. Ukatuambia kwamba zama za kuajiriwa na serikali zimekwisha, anakuja mwekezaji, na hapana atakayepoteza kazi. Tukakuamini. Tulivifuta vyerehani kimoja kimoja, tukavitia mafuta, tukapaka kuta chokaa. Bi Mwanaidi, fundi wa vifungo, alileta chetezo na udi kutoka nyumbani kwake.

“Maalim, hata mume wangu sijapata kumfukizia hivi,” akaniambia, na wanawake wakacheka.

“Fukiza tu, Bi Mwanaidi,” ukamjibu. “Mgeni huyu ana kheri kuliko mumeo.”

Nikasoma dua. Niliomba riziki ya pale isikatike, na “Amin” yako ilisikika kuliko zote.

Jumatatu tulikuta lori uani. Vyerehani vilikuwa vimeuzwa bara. Tulivisafisha kwa ajili ya mnunuzi. Ulitoka ofisini ukasema, “Nendeni nyumbani, mtaitwa.” Hakuitwa mtu. Wapo waliokwenda kuponda kokoto. Bi Mwanaidi alirudi kwao Jambiani kulima mwani, na hata sasa, uzeeni, huingia majini kila maji yakipwa. Mimi nilifundisha watoto Kurani chuoni, nikilipwa kile walichokuwa nacho wazazi. Wewe ulikwenda Maskati. Dada yangu alipokuwa hai nilinyamaza kwa heshima yake, kwa kuwa ni mkeo. Tumekwisha kumzika, na heshima ile imekwenda naye.

Nilimwuliza Bi Mwanaidi nikujibu nini. Alikuwa akianika mwani, wala hakunitazama.

“Anataka dua? Basi asomewe. Tumsomee halbadiri. Mie ubani nnao.”

Nilimkemea, maana kisomo cha kumwapiza dhalimu si jambo la kutajwa ovyo. Lakini moyoni nilikuwa nimekifikiria kabla yake. Nataka ukae huko na fedha zako, simu mkononi, usijue kama utaitwa. Nataka usikie kila kiungo kikikuuma na ujiulize ni umri au ni sisi.

Kinachonizuia si huruma. Ni mwanangu Khamis, ambaye mkeo alikuwa shangazi yake. Amesoma, hana kazi, na kila asubuhi hukaa barazani na shati lililopigwa pasi. Umemwahidi nafasi ya mapokezi. Jana aliniambia, “Baba, wewe alikunyima kazi yeye. Mie unaninyima wewe.”



Nikikuombea, nitakuwa nimewauza mafundi wangu mara ya pili. Nikikataa, nitamtazama Khamis akizeeka barazani. Usidhani kwamba napima kukusamehe. Hilo halimo kabisa. Napima tu kama kisasi changu kina thamani ya kijana huyu, na zipo asubuhi ninazoona kwamba kinayo, kisha namwona anatoka na shati lake.

Ijumaa, baada ya sala, nimewaalika wenzetu wa kiwandani waliobaki hai. Nitawasomea barua hii kabla ya kuituma, na Khamis atakuwapo. Baada ya hapo nitaamua mwenyewe, bila kumsingizia mtu. Nikishaamua ni kisomo gani nitakachokisoma juu ya jina lako, nitakuandikia.

Mimi shemeji yako,
kaka wa marehemu mkeo