Chai ya Ambakisye

Jumanne usiku.

Vyungu vyangu sita vimepasuka leo asubuhi, vikiwa bado vinakauka, havijaonja hata moto. Mashine ya Ambakisye ya kukoboa mpunga ilikuwa inanguruma. Vilivyobaki vikipasuka, Jumamosi nitauza nini sokoni Lyulilo?

Nikamwita Ambakisye. Akaja, akauliza: "Mama Tumpe, jirani yako yuko karibu na mashine kuliko wewe, mbona vyombo vyake vizima?"

Jirani kajenga kwenye changarawe. Mimi niliufuata udongo wa mfinyanzi, na kwa mvua hizi umelowa, unatikisika kama uji.

Nilimkaribisha chai, nikajaza kikombe pomoni. Mashine ilipowashwa tena, kikombe kikatetemeka, chai ikamwagikia suruali yake nyeupe.

"Ndaga, mama," akashukuru, huyoo.

Ndaga si jibu. Kesho saa nne asubuhi nataka jibu, Ambakisye: mashine unaihamisha au huihamishi?